Zege la Mama Zege kwenye Simu ya Shemeji

Katika yadi yetu mashine haitoki kwa jina la anayeichukua. Hutoka kwa jina la mdhamini. Hiyo ilikuwa amri ya marehemu mume wangu tangu tuliponunua mashine ya kwanza ya kuchanganyia zege na kuanza kuikodisha. Alikuwa akisema, "Anayechukua mashine namwona leo. Anayemdhamini ndiye nitakayemwona kesho." Basi kila mashine ikawa na kadi yake, imetundikwa kwenye msumari ukutani ofisini, na kila ikitoka tunaandika tarehe, kazi inayokwenda kufanya, na jina la yule aliyesema, "Huyu namjua, mpeni." Yule anayetoka nayo getini hatukumwandika. Wa nini, na tunamwona kwa macho?

Mume wangu alipotangulia, nikaendelea hivyo hivyo. Mgeni akizitazama zile kadi angeona majina tu. Lakini ndiyo hivyo, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Mjukuu wangu ndiye aliyekuja na habari ya mtandao. Mimi humwita mke mwenza, kwa sababu babu yake alimdekeza kuliko alivyonidekeza mimi niliyempikia maisha yote. Alisoma mambo ya kompyuta, akarudi, akakaa ofisini pamoja nami, na kitu cha kwanza kilichomchosha ni simu. Kutwa inalia. "Bibi Mashine, shikamoo. Shangazi yupo?" Shangazi ni mashine yetu kubwa ya zege. Mafundi waliipa jina hilo kwa kuwa ina kelele tangu asubuhi hadi jioni, lakini kazi haiiachi njiani.

"Bibi," akaniambia, "kwa nini mtu apige simu kuuliza jambo ambalo angeweza kuliona mwenyewe?"

"Kwa sababu anataka kunisalimu."

"Atakusalimu akija. Mimi nataka kila mteja afungue simu yake, aone mashine aliyonayo, siku ya kuirudisha, na iliyo wazi aombe hapo hapo. Na akitaka kumwonyesha mtu kazi alizowahi kufanya na mashine zetu, inatoka barua yenye mhuri wa yadi."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utakunywa chai yako ikiwa moto."

Sikuona ubaya. Tukaanza. Mimi nashusha kadi kwenye msumari, nasoma, yeye anaandika, vidole vinakimbia kama kuku walioonyeshwa mtama. Kila kadi aliuliza, "Jina la mteja?" nami nikamsomea jina lililopo kwenye kadi. Hapo ndipo tulipoteleza wote wawili. Kwangu mimi jina la kwenye kadi ni mdhamini, hilo hata mbuzi wa yadi anajua. Kwake yeye, jina la kwenye kadi ya mashine ni la nani tena kama si la aliyeikodi? Hatukuulizana. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua anachokijua yeye.

Siku ujumbe ulipokwenda kwenye simu za wateja, kila mmoja na neno lake la siri, ilikuwa kama sikukuu. Fundi wa majukwaa alipiga simu akicheka. "Bibi Mashine, nimepiga kukwambia kwamba sina haja tena ya kupiga." Nikamwambia asante, na kesho apige tena aniambie hivyo hivyo. Mke mwenza akanitazama kwa jicho la pembeni.

Mama Zege alifika mchana wa siku hiyo hiyo. Huyu ni mwanamke anayeongoza kikundi cha kumwaga zege, buti zake zina saruji iliyogandamana mpaka huwezi kujua rangi yake ya asili. Mumewe alikuwa fundi, naye alikuwa akimsombea maji na kokoto. Mume alipofariki, vijana wa kikundi walikaa wanatazamana, ndipo yeye akavaa buti za marehemu, akawaambia, "Mnangoja nini?" Toka siku hiyo ni Mama Zege.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi ndiyo iliyonileta. Wenzangu wote wameletewa ujumbe, mimi hata mlio sijasikia. Au zege langu lina kasoro?"

Mke mwenza akatafuta. Akatafuta tena. "Bibi, hayumo."

"Hayumo vipi?" nikasema. "Shangazi amelala kwake kuliko alivyolala hapa."

"Humu hayumo. Soma mwenyewe."

Nikavaa miwani. Kweli, jina lake halikuwepo. Kazi zake ndizo zilikuwepo, ninazijua kama watoto wangu: sakafu ya ghala la mahindi, tangi la maji la shule, ngazi za stendi. Zote zimepangwa chini ya jina la shemeji yake.

Shemeji huyo ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na watu humwita Fundi Mkubwa. Mama Zege alipokuja mara ya kwanza kuomba mashine, hakuna aliyekubali kumdhamini mwanamke na zege. Fundi Mkubwa aliingia ofisini hapa, akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Andikeni jina langu, na mashine ikivunjika mje mnivunje mimi." Tukaandika. Tukaendelea kuandika hivyo miaka yote, hata baada ya yeye mwenyewe kuanguka kutoka kwenye jukwaa, mkono wa kulia ukafa, kazi ikaisha. Sasa ujumbe wetu ulikuwa umemfikia yeye, na kwenye simu yake yeye ndiye aliyemwaga zege lote lile.

Mama Zege akaketi. Hakuwa mtu wa kuketi.

"Mama, kuna zahanati mpya inajengwa," akasema. "Mhandisi anagawa kazi za zege kesho mchana. Anataka kila fundi alete barua ya kazi alizofanya, yenye mhuri, si maneno matupu. Nilisikia hapa sasa mnatoa barua hizo, nikamshukuru Mungu. Vijana wangu hawana kazi muda mrefu sasa. Wawili wameshaomba kwa mafundi wengine, wananificha lakini najua. Nikikosa hii, kikundi kimekwisha. Nitarudi kusomba maji ya watu."

"Usilie," mke mwenza akasema, ingawa hakuwa analia. "Nabadilisha jina sasa hivi."

Nikamshika mkono. "Subiri. Alimdhamini kweli, jina lake halikuingia kwa wizi. Utaingiaje kwenye simu ya mtu ukachota bila kupiga hodi?"

"Lakini ni kosa letu, Bibi."

"Ndiyo maana tutakwenda wenyewe."

Akafikiri, kisha akapumua. "Hata hivyo nisingeweza. Ameshaifungua kwa neno lake la siri. Kazi kuhama kwa mtu kwenda kwa mwingine lazima mwenye akaunti abonyeze akubali. Niliweka hivyo ili watu wasiibiane."

"Uliweka vizuri," nikamwambia, na nilimaanisha.

Tukampigia Fundi Mkubwa. Simu inaita, haipokelewi. Mama Zege akawa anasugua buti moja kwa nyingine.

"Mimi kwake sijakanyaga siku nyingi," akasema. "Nikienda ananinunia. Ananitazama miguu, kisha anageukia ukuta."

"Leo utakwenda na mimi. Akigeukia ukuta, tutazungumza na kisogo chake."

Tukaenda sote watatu, hatukumkuta nyumbani. Mkewe akatuelekeza kwa kinyozi, kona ya pili. Kabla hatujaingia nikasikia sauti ya kinyozi akisoma kama mtangazaji: "Sakafu ya ghala! Tangi la maji la shule! Ngazi za stendi! Fundi Mkubwa, kumbe wewe kimya kimya? Simba mwenda pole ndiye mla nyama!"

"Na sisi tunamhesabu mstaafu," akasema mteja mwenye povu kidevuni.

Fundi Mkubwa alikuwa kwenye benchi, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, wa kushoto umenyooshwa kumpokonya kinyozi simu, lakini taratibu, kama mtu asiyetaka sana kufanikiwa. Anatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu aanguke.

Akatuona. Tabasamu likaondoka.

Ulimi ulikuwa na maneno tayari, nikayameza. Mtu mzima havuliwi nguo sokoni. Nikawasalimu wote, nikasema, "Fundi, tusogee nje kidogo, kuna jambo la yadi."

"Bibi Mashine," kinyozi akasema na wembe hewani, "usije ukamchukua ukampa kazi nyingine, mwache apumzike!" Wakacheka. Fundi Mkubwa naye akacheka, kicheko cha kusindikiza.

Nje kulikuwa na benchi jingine, karibu na pipa la maji. Akakaa. Mimi nikakaa. Mke mwenza akasimama na simu yake, Mama Zege akasimama mbali kidogo, amempa ubavu.

"Nilijua," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilijua tangu nilipousoma ule ujumbe. Mkono huu haushiki hata kikombe, Mama. Nitamwaga tangi la maji mimi?"

"Basi kwa nini hukuja kutuambia?"

 Ndani kinyozi alikuwa amefungulia redio.

"Tangu nianguke, watu wananiuliza habari za mkono. Asubuhi, habari za mkono. Jioni, mkono unaendeleaje. Leo nimeingia hapa na hii simu, kwa mara ya kwanza mtu akaniuliza habari za kazi." Akaitazama ile simu. "Nikajibu. Nikajikuta najibu tu."

Mke mwenza aliinamisha uso. Alikuwa na maneno mazuri ya kumweleza jinsi akaunti inavyofanya kazi, akayarudisha mfukoni.

"Nikizitoa zote," akasema Fundi Mkubwa, "mimi nitabaki na nini humu?"

 Mama Zege ndiye aliyegeuka.

"Shemeji, mimi sikuja kukuomba," akasema. "Jina lako ndilo lililonitoa. Ukitaka libaki, libaki. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?"

"Sijui."

"Na kesho mchana?"

"Nani amekwambia habari ya kesho mchana?"

"Mji mzima unajua zahanati inagawa kazi. Mimi nimekufa mkono, sijafa masikio." Kisha akapandisha sauti. "Ila wewe nawe! Kazi zote hizi, hata siku moja hukupita kuniambia, shemeji nimemwaga tangi, shemeji nimemwaga ngazi. Nimekuja kuzijua kwenye simu, kama mpangaji anayesikia habari za nyumba dirishani!"

"Ningekwambia nini? Nikija na saruji miguuni unageukia ukuta! Nilijua unaona haya, mke wa mdogo wako anabeba karai mbele za watu."

"Haya?" Akamtazama. "Haya ya nini? Nilikuwa nageuka kwa sababu nilikuwa natamani. Ile harufu ya saruji mbichi, we mwanamke. Nikiisikia, mkono huu uliokufa unawasha."

 Wote wawili walikuwa wamebeba kitu kizito, kila mmoja akidhani ni cha mwenzake. Nikamgusa mke mwenza kwa kiwiko, naye akachuchumaa mbele ya benchi.

"Babu, ukikubali, nitakuonyesha pa kubonyeza."

"Moja moja," akasema. "Anieleze moja moja, ndipo nibonyeze. Sitoi kazi nisiyoijua."

Basi ikawa hivyo. Fundi Mkubwa anasoma kwa sauti, Mama Zege anaeleza, kidole gumba cha kushoto kinasubiri juu ya kioo.

"Sakafu ya ghala."

"Mvua ilitukuta katikati. Tukafunika na maturubai, vijana wakalala juu ya pembe zake ili upepo usiyachukue."

"Ilipasuka?"

"Ufa mmoja, mlangoni. Niliuziba."

"Ufa wa mlangoni ni kawaida." Akabonyeza. "Tangi la shule. Lilishika maji?"

"Mpaka leo halijatoa hata jasho."

"Uliweka mchanganyiko gani?"

"Ule ule uliomfundisha marehemu."

"Usinivike kilemba cha ukoka."

"Kilemba gani? Ungekuja nikupe karai ungesema nimekuvika kofia."

Akacheka, cha kwake hasa sasa, akabonyeza. Wakaendelea. Nyingine alizitolea kasoro, nyingine alizisifu kwa kukohoa tu. Kinyozi alichungulia mara moja, akaona uso wangu, akarudi ndani.

Kisha kidole kikasimama.

"Kalvati ya barabara ya kwenda machinjioni," akasema. "Hii sitoi. Hii ni yangu."

Mke mwenza akaniinamia sikioni. "Bibi, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Zege la nondo. Mhandisi ataitazama hiyo kwanza."

Alinong'ona, lakini watu wa zege wana masikio. Fundi Mkubwa akamtazama shemeji yake. Naye Mama Zege angeweza kusema neno moja, na pale palivyokuwa pamelainika sidhani kama angekataliwa.

"Ni yake kweli," akasema Mama Zege. "Nilikuwa kitandani na homa. Vijana waliniambia alikuja na mkono kwenye bandeji, akasimama juu ya mtaro, akawatukana kutwa nzima hadi zege likaisha."

"Sikuwatukana. Niliwafundisha."

"Kwa matusi."

"Zege halijui adabu."

"Basi iache hapo hapo ilipo, shemeji. Mimi barua nitapeleka ya nilichomwaga."

Tuliporudi ofisini mke mwenza akatengeneza nafasi mbili pale palipokuwa na moja: jina la aliyechukua, na chini yake jina la mdhamini. Tukaanza kuwauliza wateja mmoja mmoja ni nani alikuwa nani, kazi ambayo ilitunyima chai siku hiyo na nyingine zilizofuata. Lakini kwanza ikatoka barua ya Mama Zege. Mhuri wa yadi, jina lake juu, kazi zake zimeshuka kama ngazi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaifungua tena, akaomba bahasha ili jasho la mkono lisiiharibu.

Kesho yake, jua limeshapinduka, akarudi na lori kuchukua Shangazi. Nilitazama uso wake, sikuusoma.

"Amekupa?"

"Amenipa njia ya mteremko ya viti vya wagonjwa, ile ya nje. Sakafu za wodi hakunipa. Barua ameipenda, ameisoma yote. Akauliza, zege la nondo umewahi? Nikamwambia kwenye barua hakuna. Akasema tutaona baadaye." Akainua mabega. "Vijana wawili wamebaki. Wale wengine nilipowaambia ni njia tu, wakatazamana."

"Hujutii?"

"Mama, najuta tangu nilipotoka mlango wa ofisi yake. Lakini ningeandika kalvati, halafu akaniuliza nondo nilizifungaje, ningemjibu nini? Nilikuwa nimelala na homa?"

Vijana walikuwa wanamsukuma Shangazi kwenye mbao kumpandisha lorini alipoingia Fundi Mkubwa getini. Amekuja kwa miguu, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi shingoni, upande wa kulia ameubana na mkanda ili mkono usimchezee. Hakutusalimu vizuri. Akazunguka lori, akasukuma tairi kwa mguu, akamwambia kijana mmoja kamba ile ameifunga kama kamba ya viatu.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Mama Zege akauliza.

"Zahanati. Nimesikia mhandisi anatafuta kalvati."

"Kalvati ni yako, si yangu."

"Ndiyo. Na mimi ninakwenda kazini kwako. Kwani kikundi chako hakichukui watu? Siwezi koleo, lakini kinywa kizima, na nondo nikiiona imekaa vibaya naiona toka ng'ambo ya barabara. Nitamwonyesha simu. Akiuliza zilifungwaje, atanikuta nimesimama pale."

Mama Zege akamtazama mtu mzima yule na vifungo vyake. "Utawatukana vijana wangu?"

"Nitajitahidi."

"Sikuombi ujitahidi. Wawili wamebaki tu, ukinikimbizia hao nitakuchanganya wewe na kokoto."

"Shikamoo, bosi," akasema, yeye mkubwa kwa mdogo, na vijana wakaangua kicheko mpaka Shangazi akayumba kwenye mbao. Dereva akamfungulia mlango wa mbele. Mama Zege akamshika kiwiko cha kulia, kile kilichokufa, akampandisha, kisha yeye akarukia nyuma pamoja na mashine.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nilipanga kadi ambazo hazikuhitaji kupangwa. Mke mwenza alijifanya anafanya kazi nyingine, lakini kila kompyuta ikilia alitupa jicho. Fundi wa majukwaa aliomba majukwaa. Mtu wa jenereta alirudisha jenereta. Jua likaanza kuingia kwa dirisha la nyuma.

Ikalia tena. Mke mwenza akaisoma polepole.

"Ombi jipya. Shangazi aongezewe muda, hadi mwisho wa mwezi. Na mashine ya kutetemesha zege. Kazi: sakafu za wodi zote." Akashusha kidole kwenye kioo. "Mteja, Mama Zege. Mdhamini, Fundi Mkubwa, na ameshabonyeza."

"Soma tena hapo pa kazi."

"Sakafu za wodi zote, Bibi."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa upindo wa gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nikubali?" akauliza.

"Kubali upesi, kabla mtu hajamwomba Shangazi." Nikanyanyuka kwenda stoo. Ile mashine ya kutetemesha ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu, na mpira wake ulihitaji kupanguswa kabla lori halijarudi kuichukua.